Sensa ya volti kwa mashine za fezi tatu: ipi ya kufunga, ipi ya kuiacha dukani?

nyaya_nne · #1

Assalamu alaykum wazee wa kazi.

Pana boksi moja Micheweni, Pemba, linaendesha vitu viwili: pampu ya kisima ya kuzamishwa, 7.5 kW, na kompresa ya mashine ya barafu, 5.5 kW. Zote fezi tatu, 400 V, zinawashwa moja kwa moja kwa kontakta (swichi kubwa ya sumaku). Umeme wa ZECO (shirika la umeme la Zanzibar), na jenereta ya akiba kwa chenjiova ya mkono, ile swichi ya kuhamisha. Kinachotakiwa ni kuona volti ya kila fezi kwenye simu, na mashine izimike yenyewe fezi ikipungua au ikipotea.

Zilizopo mezani: moduli tatu za ZMPT101B (transfoma ndogo ya kupimia volti) na ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), PZEM-004T tatu (mita ndogo ya fezi moja), relei ya kuangalia fezi, au mita ya fezi tatu ya kupachika kwenye reli ya boksi, aina ya SDM630. Ipi? Na usahihi wa asilimia ngapi unatosha?

karafuu50Hz · #2

Waalaykumu salaam sheikh. Asilimia iache kwanza. Mota haijui tofauti ya 205 V na 207 V. Kwa kazi ya kulinda, sensa yenye kosa la 1% inatosha na inabaki. Anza na swali jengine: hitilafu gani unataka kuiona? Kila sensa uliyoitaja ina hitilafu isiyoiona, na hapo ndipo koili zinapoungulia.

Chukua ile ya kawaida kuliko zote. Mota inazunguka, fyuzi ya L3, yaani fezi ya tatu, inakatika. Mota haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili zilizobaki, na kwa kuwa rota, ile sehemu ya ndani, bado inazunguka, inazalisha volti na kuirudisha kwenye waya wa L3 uliokatika. Volti hiyo ya kurudishwa inaweza kupita tisa ya kumi ya ile ya kawaida, hasa mota ikiwa na mzigo mdogo. Sensa ya L3 haisomi 0, inasoma 210 au 215. Ukiwa umeseti ikate chini ya 200, mota itaungua huku simu inakwambia kila kitu kizuri.

Kwa hiyo usitazame upungufu wa volti peke yake. Tazama tofauti ya fezi. Pima volti za fezi kwa fezi, tafuta wastani, chukua ile iliyo mbali zaidi na wastani, gawa kwa wastani. Mfano 412, 398 na 384: wastani 398, iliyo mbali zaidi imeachana nao kwa 14, sawa na 3.5%. Inaonekana ndogo, lakini joto la ziada la koili hukisiwa kwa mara mbili ya mraba wa hiyo asilimia, yaani hapo karibu 25%. Na tofauti ya mkondo huwa mara sita hadi kumi ya tofauti ya volti. Ikifika 5% mota isiendeshwe.

mkoani_jr · #3

Basi si afadhali sensa ifungwe chini ya kontakta, isome volti ile ile inayoingia kwenye mota?

karafuu50Hz · #4

Hasha. Ikiwa chini ya kontakta na hiyo hiyo sensa ndiyo inayotoa ruhusa ya kuwasha, mota ikizimwa sensa inasoma 0, na ikisoma 0 hairuhusu kuwasha. Umejifungia nje ya nyumba na ufunguo uko ndani.

Weka juu ya kontakta, baada ya fyuzi kuu za mashine. Ukiiweka kabla ya fyuzi, fyuzi ikikatika sensa itaendelea kusoma 230 safi za ZECO na haitajua lolote. Kontakti ya kontakta iliyoungua au lagi (kichwa cha waya) iliyolegea kwenye mota, hiyo sensa ya volti ya juu haiioni kabisa. Hapo kazi ni ya ovalodi (kifaa cha kukata mota mkondo ukizidi) inayohisi kukosa fezi, na kwa pampu ya kuzamishwa iwe ya daraja 10, inayokata mapema, maana mota zile ni nyembamba, hazivumilii joto kwa muda mrefu. Usije ukaghurika kwamba sensa ya volti inachukua nafasi ya ovalodi.

bi_testa · #5

Nizungumzie PZEM-004T, maana naona wengi wanaikimbilia.

Inasoma 80 hadi 260 V, kosa lake 0.5%, inatoa data kwa Modbasi (lugha ya mawasiliano ya vifaa) kasi ya 9600. Zote zinatoka kiwandani zinajibu kwa anwani moja, kwa hiyo iunge moja moja kwanza, uipe 1, kisha 2, kisha 3, ndipo uziunganishe pamoja. Ukiziunga zote tatu kabla ya hapo zitajibu kwa pamoja na hutapata kitu cha kusomeka.

Mambo matatu ya kujua kabla hujalipa:

Kwanza, upande wake wa kupimia unakula umeme ule ule unaoupima. Fezi ikipotea kabisa haikwambii "0 V". Inanyamaza. Programu nyingi za kunakili mtandaoni zikikosa jibu zinabakisha namba ya mwisho, kwa hiyo skrini inaonesha 231 V ya dakika kumi zilizopita. Andika programu yako hivi: ikikosa jibu mara tatu mfululizo, hiyo ni fezi iliyopotea.

Pili, kila moja inapima fezi na nyutro yake peke yake. Pembe kati ya fezi haipimwi, kwa hiyo mfuatano wa fezi huupati. Mtu akibadilisha nyaya mbili za jenereta, PZEM zote tatu zitakwambia 230, 230, 230, na pampu inazunguka kinyume. Maji yatatoka, lakini machache, na utahangaika kutafuta tatizo kisimani.

Tatu, mwisho wake ni 260 V. Nyutro ikikatika inapita hapo bila shida.

nyaya_nne · #6

Hilo la nyutro hebu lifafanue bibie. Mota zote mbili hazitumii nyutro.

bi_testa · #7

Mota hazitumii, lakini boksi linatumia: koili za kontakta za 230 V, taa, chaja ya ESP32, pengine na friji ya jirani kwenye laini hiyo hiyo. Nyutro ikikatika upande wa nguzo, mizigo ya fezi moja moja inabaki imeungana kati ya fezi na fezi. Fezi yenye mzigo mdogo inapanda kuelekea 400 V, yenye mzigo mkubwa inaporomoka. Mota zenyewe hazitahisi kitu, kwa sababu volti ya fezi kwa fezi iko vile vile 400. Zitakazokufa ni chaja, koili na PZEM.

Relei nyingi za kuangalia fezi zina tamino tatu tu: L1, L2, L3. Hizo nyutro haziioni. Ukinunua relei, tafuta yenye N, na kwenye seti uchague kupima fezi kwa nyutro. Kwa umeme wa nguzo, hilo kwangu ni sharti.

mwana_wesha · #8

Naongezea hapo hapo. Msitumie nyutro ya kubuni, ile ya resista tatu zinazokutana katikati. Watu hufanya hivyo wakiwa na nyaya tatu tu. L3 ikikatika mota ikiwa imezimwa, ile sehemu ya katikati inahama, na fezi mbili nzima zinasoma 200 kila moja badala ya 230. Ukitazama haraka unasema umeme umepungua, kumbe fezi moja haipo.

Na hili ni la kuchonga ubaoni, kwa sababu linakwambia umpigie nani simu. Mota zikiwa zimezimwa, ukisoma fezi kwa nyutro:

230 / 230 / 0: fezi imekatika upande wa volti ndogo. Tazama fyuzi zako, mita, na nguzo ya karibu.

230 / 115 / 115, kwa makadirio: fezi imekatika upande wa juu wa transfoma. Transfoma za mitaani huwa na koili za pembetatu juu na nyota chini. Laini moja ya juu ikipotea, koili moja inabaki na volti kamili, mbili zilizobaki zinagawana. Ukipima kati ya hizo mbili za 115 unapata karibu 0. Mizigo isipolingana, zile 115 nazo hazilingani. Hapo usiguse fyuzi yako hata moja, ni kazi ya ZECO.

Mwenye relei yenye taa moja ya "kosa" hilo halipati. Mwenye sensa ya namba tatu analiona akiwa kitandani.

mkoani_jr · #9

Mbona Pemba usiku volti inapanda? 245, 248.

mwana_wesha · #10

Pemba inalishwa na kebo ya 33 kV iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kebo ndefu ina tabia ya kapasita, na mzigo ukipungua usiku volti ya mwisho wa laini huwa na mwelekeo wa kupanda. Ongeza na kwamba transfoma ya mtaani imepangwa ili mtu wa mwisho apate volti ya kutosha saa za jioni. 253 ndiyo mwisho wa 230 kwa kuongeza 10%, na 207 ndiyo mwisho wa chini. Usiseti kukata kwa 245, utakuwa unaamka kila usiku.

karafuu50Hz · #11

Turudi kwenye ZMPT101B, nimeona hakuna aliyeigusa.

Ile moduli ya bodi ya buluu ina kasoro moja inayowashinda wengi. Ampilifaya yake ni LM358, na LM358 haiwezi kupandisha volti ya kutokea hadi ile inayoilisha. Inaishia karibu 1.5 V chini yake. Ukiilisha 3.3 V ili ifanane na ESP32, mwisho wake ni 1.8 V, na katikati ya wimbi ni 1.65. Umebakiwa na 0.15 V ya kupanda. Wimbi linakatwa kichwa, na volti ikipanda kutoka 230 hadi 260 namba haisogei inavyopaswa. Halafu mtu anasema sensa mbovu.

Ilishe 5 V. Katikati inakuwa 2.5, mwisho karibu 3.5, una 1 V ya kupanda. Ukitaka isome hadi 300 V, kilele chake ni 424 V, basi geuza potenshiometa mpaka 230 V ikupe kilele cha karibu 0.77 V. Kisha pitisha kwenye resista mbili, 10 k juu na 20 k chini, ndipo uingie ESP32, maana 3.5 V imeshapita uwezo wake. Kati ya pini zake za kusomea volti, tumia za ADC1. Za ADC2 hazifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Ukimaliza kugeuza, tia tone la rangi ya kucha kwenye potenshiometa. Mtikisiko wa kompresa huigeuza pole pole, na baada ya miezi namba zimehama bila aliyegusa.

Mimi ningeacha bodi nikanunua transfoma tupu ya ZMPT101B. Ni ya uwiano wa 1 kwa 1, inafanya kazi kwa mkondo hadi 2 mA. Upande wa umeme weka resista mbili za 120 k kwa mfuatano, kila moja nusu wati. Kwa 230 V unapata 0.96 mA. Upande wa pili weka 330 Ω: inakupa 0.316 V, kilele 0.45. Nyutro ikikatika na fezi kufika 400 V, kila resista inakula 0.33 W tu, na kilele ni 0.78 V. Ukiweka katikati ya wimbi kwenye 1.65 V, ESP32 iko salama na wimbi zima linaonekana. Hakuna cha kugeuza, hakuna cha kuhama.

bi_testa · #12

Resista mbili badala ya moja si kwa ajili ya joto tu. Resista ndogo ya robo wati kwa kawaida huvumilia 250 V hivi kati ya ncha zake, na kilele cha 230 V ni 325. Inaweza kukaa mwaka ikapasuka. Ukigawa kwa mbili, kila moja inabeba nusu.

Na kwenye programu: soma wimbi zima, mara 2,000 kwa sekunde au zaidi kwa kila fezi, kokotoa RMS (volti halisi ya wimbi zima) kwa mizunguko 10, yaani milisekunde 200. Anayesoma kilele tu na kugawa kwa 1.41 atadanganywa, kwa sababu chaja na taa za LED zinabapaza kilele cha wimbi. Linganisha kila chaneli na multimita ya RMS ya kweli, kila fezi na namba yake ya kuzidishia. Namba moja kwa zote tatu inazaa tofauti ya fezi isiyokuwepo.

mkoani_jr · #13

Kuna mtu kanambia sensa ya volti ya LEM LV 25-P ndiyo mwisho wa maneno.

karafuu50Hz · #14

Nzuri mno, kwa kazi yake. Inapima na mkondo mnyoofu, inajibu ndani ya maikrosekunde 40, inatenganisha vizuri. Lakini inataka 10 mA upande wa umeme, na isizidi 14 mA kwenye kilele. Kwa 400 V fezi kwa fezi unaweka 47 k: 8.5 mA, na resista inatoa 3.4 W za joto muda wote. Mara tatu, ni zaidi ya 10 W ndani ya boksi lililofungwa, kwa joto la huku. Tena inataka umeme wa pande mbili, ±12 hadi ±15 V. Kwa 50 Hz ya pampu ni kumpeleka ng'ombe kubeba kikapu cha mayai.

Inafaa ukiwa na draivu ya kubadilisha kasi na unataka kuona volti ya ndani yake au ya kutokea. Mwenye draivu atambue: sensa za kawaida ziwekwe upande wa kuingia. Upande wa kutokea si wimbi laini, ni vipande vipande vya kasi kubwa, na PZEM, ZMPT na multimita za bei rahisi zote zitakupa namba za kubuni.

nyaya_nne · #15

Ahsanteni. Naelekea SDM630 kwa ajili ya namba, na relei yenye N kwa ajili ya kukata. Ni sawa kutenganisha?

mwana_wesha · #16

Ndivyo hasa. Kazi ya kukata usiitie kwenye ESP32 wala kwenye mtandao. Programu hukwama, Wi-Fi hukatika, relei haijui habari hizo. SDM630 inapima nyaya nne, inatoa fezi kwa fezi na fezi kwa nyutro, mkondo na masafa, kwa RS485 (laini ya data ya nyaya mbili). Waya wake uwe jozi iliyosokotwa, resista ya 120 Ω kwenye kila mwisho wa laini ikiwa ndefu, na usiupitishe pamoja na nyaya za mota kwenye bomba moja. Kwenye menyu yake uchague nyaya nne za fezi tatu, usiamini ilivyokuja.

Ufungaji sasa, ndiko kunakoharibika zaidi kuliko sensa yenyewe. Kila waya wa kupimia utoke na fyuzi yake, karibu kabisa na pale unapochukuliwa. Tumia kishikio cha 10×38 na fyuzi ya kauri ya 1 A au 2 A. Zile za kioo za 5×20 nyingi uwezo wao wa kukata shoti ni ampia 35 hivi kwa 250 V. Shoti kwenye boksi la fezi tatu ni mamia au maelfu ya ampia. Kioo kinapasuka, moto unaendelea kupita. Nyutro ya kupimia usiitie fyuzi: ikikatika, mita na relei zote zitaona hitilafu ya uongo.

Bahari nayo haina msamaha. Boksi la IP65 (lisiloingia vumbi wala maji ya kurushwa), nyaya ziingie kwa chini kwa glandi, lagi za shaba iliyopakwa bati, bodi yoyote ya kielektroniki ipakwe vanishi pande zote mbili isipokuwa tamino. Chumvi ikikaa kati ya tamino mbili za 400 V na unyevu wa masika, inatengeneza njia nyembamba nyeusi, na siku moja inawaka. Kaza skrubu upya baada ya mwezi mmoja, shaba hulegea.

nyaya_nne · #17

Na muda wa kukata?

bi_testa · #18

Kukosa fezi na mfuatano: nusu sekunde hadi sekunde moja. Tofauti ya fezi: anza na 5%, sekunde 5. Kwa pampu yenye mzigo kamili itaiona fezi iliyorudishwa. Kwa mota inayozunguka karibu bure inaweza kuikosa, ndiyo ovalodi ibaki.

Volti ndogo: 200 V kwa fezi na nyutro, sekunde 8. Pampu ikiwaka moja kwa moja inavuta mara sita au saba ya mkondo wake, volti inainama sekunde moja au mbili. Ukiweka muda mfupi, pampu ikiwaka itaizima kompresa. Volti kubwa: 260, sekunde 3.

Kurudi: dakika 5 kwa kompresa ili gesi isawazike, dakika 2 au 3 kwa pampu ili maji yaliyo kwenye bomba yatulie, maana yakishuka huizungusha pampu kinyume, na kuiwasha katika hali hiyo kunaweza kukata shafti. Kwa kuwa muda ni tofauti, tumia relei moja ya kuangalia fezi na taima mbili. Zisirudi pamoja, jenereta haitaweza kuzianzisha zote kwa mpigo.

Baada ya kufunga, jaribu kweli. Zima, toa fyuzi ya L3 ya mashine, washa: kontakta isikubali kuvuta. Rudisha, kisha badilisha L1 na L2 kwenye relei peke yake: ikatae tena. Fanya hivyo kwa ZECO na kwa jenereta, mbali mbali.

nyaya_nne · #19

Mwisho: relei ina tamino 11, 12 na 14. Koili ya kontakta niipitishe wapi?

karafuu50Hz · #20

11 na 14, kwa mfuatano na koili. Relei ikiwa na umeme na fezi ziko sawa, 11 na 14 zimefungana. Ikiona hitilafu, ikifa, au waya wake ukichomoka, zinaachana na mota inazima. Ukitumia 11 na 12 na kuirekebisha kwa ujanja kwingine, relei ikifa mota itaendelea bila mlinzi, na hutajua mpaka usikie harufu. Hakikisha kwa testa kabla ya kuunga, kwa sababu zipo relei zenye swichi ya kugeuza mpangilio huo pembeni ya kifuniko.

nyaya_nne · #21

Kweli, swichi ipo pembeni, na ilikuwa imegeuzwa. Nimeirudisha.